Fidélie na Ile Kadi Kubwa

Sokoni Kashikishi, nyuma ya meza za chisense, wale dagaa wa ziwani, kulikuwa na chumba chenye mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu. Humo ndimo Fidélie alimokata na kuunga video: harusi, ubatizo, na zaidi ya yote kwaya. Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, Parfait, kule Pweto, Kongo, kabla vita havijawatawanya. Fidélie alivuka ziwa kuingia Zambia mwaka 2017, akapokewa kambini Kenani, kisha akapewa shamba kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Parfait hakuvuka.

Chumba kilikuwa cha Nkonde, Mzambia wa palepale, mtu wa maneno matamu ambaye hapiti meza bila kusalimia. Kompyuta waliinunua pamoja, nusu kwa nusu, na nusu ya Fidélie ilitoka kwenye mihogo ya shamba lake. Nkonde alitafuta wateja, Fidélie alikaa mbele ya kioo cha kompyuta. Neno baya halikuwahi kupita kati yao.

Lakini mashine ilikuwa imechoka. Simu mpya zilileta picha nzito, na wimbo mmoja ulikula asubuhi nzima kabla ya kutoka. Ndipo Ireen, mwalimu wa kwaya, alipoleta picha za jubilei ya kanisa, na kompyuta ikawa inazimika kila ikifika katikati. Fidélie na Nkonde wakakubaliana kuongeza kadi ya picha, kile kibao cha ndani ambacho kazi yake ni kuichorea kompyuta picha zake.

Duka moja la Lusaka lilimtumia Nkonde sifa za kadi mbili kwenye simu. Wakakaa kwenye benchi, vichwa vimekaribiana, wakazipima. Moja ilikuwa kubwa, ina feni mbili na kumbukumbu ya giga nane. Nyingine ndogo, feni moja, giga nne. Nkonde alipoona nane na nne akaona shauri limekwisha. Fidélie akamwomba ashuke mistari ya chini. Ile kubwa ilikula wati mia na themanini na tano, na ilidai waya wake peke yake kutoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme. Ile ndogo, ambayo ilikuwa ya toleo jipya zaidi, ilitosheka na wati sabini na tano, na umeme huo iliupata palepale ilipochomekwa. Kwa mbio, kubwa ilishinda, Fidélie hakubisha. Kwa video nzito giga nane zingemfaa sana, na moyo wake ulizitamani. Ila pawa saplai yao ilikuwa dhaifu, haina hata huo waya, na umeme wa Kashikishi ulikuwa wa kuja na kuondoka, wakishinda na inveta na betri ya gari.

"Ba Nkonde, hii kubwa ni muzuri," alisema. "Lakini hatuna nguvu ya kuilisha. Itatuunguzia mashini. Tukamate hii kidogo."

"Njo weye unajua, mama. Tukamate kidogo."

Fidélie hakuweza kwenda Lusaka mwenyewe. Mkimbizi hasafiri mbali bila ruhusa, na ruhusa hutembea kama kinyonga. Akaenda Nkonde.

Mvua zilimzuia Fidélie Mantapala muda mrefu. Barabara ilipokauka akapanda lori la mihogo, akafika sokoni, akakuta vijana wamejaa mbele ya mlango wa bluu wakisukumana. Ndani, kwenye kioo kipya, wawili walikuwa wanacheza mpira wa kompyuta. Ubavu wa mashine ulikuwa umefunguliwa, na feni mbili zilikuwa zinazunguka.

Nkonde hakuinamisha macho. Alimweleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mteja, kwamba mambo ya video yamekwisha, kila mtu sasa anakata video kwenye simu yake. Vijana wanataka michezo, na michezo inataka kadi kubwa. Fidélie akauliza habari ya nusu yake. Nkonde akasema wataongea. Basi akaomba walau diski, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na jubilei ya kina Ireen, na mlikuwa na sauti ya Parfait akiongoza kwaya ya Pweto, sauti aliyoivusha ziwani kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu ambayo ilishakufa. Nkonde akasema mashine haiwezi kufunguliwa watu wakingoja. Arudi wiki ijayo.

Kabla hajatoka, Fidélie aliinama akatazama chini ya meza. Waya uliokosekana ulikuwa umetengenezwa: fundi mmoja alivuta nyaya za diski, akazisokota, akazifunga kwa utepe. Aliugusa akaondoa mkono haraka. Angeweza kuondoka na uchungu wake, lakini akamgeukia Nkonde.

"Hii waya inawaka moto," alisema. "Zima, utafute pawa saplai ingine."

Nkonde aliwageukia vijana. "Mama iko na wivu," akasema, nao wakacheka.

Huko Mantapala, jirani yake Aurélie alimsukuma aende polisi. Fidélie alimuuliza angekwenda kusema nini, yeye mgeni, juu ya mwenyeji, kwa mapatano yaliyofanywa kwa mdomo.

Wiki ile haikuisha. Chumba kiliwaka mchana, vijana wakatoka wakikanyagana, hakuna aliyeumia. Iliteketea kompyuta, diski na yote yaliyokuwemo, pamoja na nyavu za jirani zilizokuwa zimeegemezwa ukutani.

Nkonde alisimama mbele ya majivu akawaambia watu kwamba yule mwanamke wa Kongo alitaja moto kwa kinywa chake, na moto ukaja. Neno hilo lilikimbia kuliko moto wenyewe. Kabla ya Jumapili lilikuwa limefika Mantapala.

Ireen alimfuata huko kuuliza video ya jubilei. Fidélie alimkalisha, akamweleza kila kitu kwa subira: wati, waya, pawa saplai, jinsi walivyozipima kadi zote mbili na jinsi walivyochagua ndogo. Ireen alisikiliza hadi mwisho akiitikia kwa kichwa. Alipokuwa anaaga, akasimama mlangoni.

"Lakini, mama, ulijuaka namna gani itaungua?"

Jibu Fidélie alikuwa ameshalitoa.

Nkonde amefungua chumba kingine sasa, Mununga, na wanaotoka huko wanasema hakikosi vijana. Fidélie ameacha video. Hununua chisense kwa wavuvi, huikausha, huiuza Mantapala. Wako wanawake wanaozunguka upande wa pili wa njia wasiipite meza yake, na wengine huwavuta watoto wao mkono wanapomwona. Aurélie hununua kila siku, hata siku ambazo kwake wamekwisha kula.