Geti la Uchochoroni

Kwa miaka ishirini na mbili Mama Povu alifua nguo za watu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akiomba radhi kwa kusema kweli. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya mikono yake, ambayo kuanzia asubuhi hadi adhuhuri ilikuwa nyeupe mpaka kwenye viwiko. Alilipokea bila kinyongo. "Bora povu la sabuni," alisema. "Kuna wenzangu wanatoa la mdomo tu, na nguo hazitakati."

Mumewe alikuwa amefariki. Aliishi na wifi yake, dada wa marehemu, katika chumba kimoja walichokigawa kwa pazia. Walitaniana tangu wanaamka. Wifi akimwambia anakoroma kama mashine ya kusaga, yeye anajibu kwamba angalau mashine ina faida nyumbani.

Bomba la umma lilikuwa nyuma ya nyumba, hatua sitini kupitia uchochoro mwembamba. Wawili wenye ndoo wakikutana humo, lazima mmoja ageuke ubavu. Jumatatu moja Mama Povu alitoka na ndoo zake mbili, akakuta uchochoro umezibwa kwa mabati mapya. Katikati kulikuwa na geti lenye kufuli la ukubwa wa ngumi. Alichungulia kwenye upenyo, akaona mbao zimepangwa kufikia usawa wa kichwa.

Mbao hizo zilikuwa za mwenye duka la barabarani, ambaye mtaa mzima ulimwita Tajiri. Wifi alifanya kazi dukani kwake, akiandika mizigo inayoingia na kutoka. Mama Povu akaenda moja kwa moja, ndoo mkononi.

"Tajiri, umetuzibia njia."

"Njia gani? Pale ni stoo yangu."

"Na maji tukateke wapi?"

"Zungukeni. Kutembea ni afya."

Kuzunguka kulikuwa kuvuka barabara kubwa mara mbili na kurudi kwa upande wa pili, karibu nusu saa kwenda tu. Mwenye familia ndogo angeweza kuvumilia. Anayefua mashuka ya nyumba saba angefanyaje? Wateja walianza kulalamika kwamba nguo zinachelewa, na wawili wakahamia kwa dobi mwingine. Ofisi ya mtaa ilimweka kwenye benchi kila wiki na kila wiki ikamwambia suala linashughulikiwa. Wiki ya nne uvumilivu ulimwishia. Alilipiga geti teke mbele za watu, bati likabonyea. Kesho yake ikaja barua ya wakili wa Tajiri: aombe radhi kwa maandishi ndani ya siku saba, la sivyo atashtakiwa kwa kuharibu mali.

Kila Jumamosi wanafunzi wa sheria kutoka chuoni walikuja kukaa katika darasa moja la shule ya msingi, wakasikiliza shida za watu bure. Mama Povu alikuwa amewaona akipita, wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto, akawacheka. Jumamosi ile aliingia.

"Nyie wanangu, mnajua sheria au mnajua mitihani?"

Aliyekuwa karibu, msichana mwembamba mwenye miwani mikubwa, akamsogezea dawati. "Kidogo kidogo vyote viwili, Mama. Karibu ukae."

Msichana aliisoma barua mara mbili, kisha akaigeuza na kuilaza juu ya dawati. "Mama, hii si hukumu. Ni mtu tu ameandika. Na wewe unaweza kuandika."

"Kuandika sijui sana."

"Kusema je?"

Mwenzake, kijana mrefu aliyevaa tai siku hizo za joto kali, alicheka. "Huyo tumemsikia tangu geti la shule."

Wakaanza kazi. Kijana wa tai aliupima uchochoro kwa futi kamba, huku wafanyakazi wa Tajiri wakimzomea kutoka juu ya mbao. Msichana wa miwani alikwenda ofisi ya ardhi kuomba ramani ya mtaa. Karani akasema faili halionekani. Msichana akasema atasubiri lionekane, akakaa hapo siku tatu mfululizo akisomea mtihani wake kwenye benchi. Siku ya tatu karani alichoka kumtazama, na faili likaonekana. Kwenye ramani uchochoro ulikuwepo, mstari mwembamba wenye maneno matatu: njia ya umma.

Mama Povu alidhani sasa watoto wake wa chuo watakwenda mahakamani kumsemea. Msichana akamweleza kwamba hawaruhusiwi, kwani bado ni wanafunzi. Wanaweza kuandika hati ya madai, wanaweza kumwandaa, lakini mbele ya hakimu atasimama mwenyewe.

"Peke yangu?"

"Na ramani yako."

Hati ikafunguliwa mahakamani, na Tajiri naye akajibu kwa madai ya lile teke. Jumamosi nne walimfanyisha mazoezi. Kijana wa tai alijifanya wakili wa Tajiri, akamkatiza, akamkejeli, akamuuliza jambo moja kwa njia tano. Mara ya kwanza Mama Povu alivua kandambili. Msichana akamshika mkono. "Anataka ukasirike, Mama. Ukikasirika ameshinda. Jibu fupi, halafu nyamaza."

"Kunyamaza ndiyo ngumu."

"Tunajua," wakasema wote wawili.

Wiki moja kabla ya kesi, wifi alirudi kutoka kazini na ufunguo mpya kiganjani. Aliuweka juu ya meza bila utani wowote.

"Tajiri amekupa wa kwako. Utateka maji saa yoyote. Anachotaka uiondoe kesi."

"Na mama wa chumba cha mwisho, mwenye mguu mbovu? Naye kapewa?"

"Mambo ya watu wengine yanakuhusu nini? Wifi, huyu mtu ndiye anayeniajiri. Utanifukuzisha kazi!"

Mama Povu aliutazama ule ufunguo. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa safari za siku ile, na kapu la nguo chafu lilikuwa limejaa mlangoni. Alimwonea huruma wifi yake, na huruma hiyo ilimuuma kuliko mgongo.

"Nikiuchukua huu," alisema, "nitakuwa nimekubali kwamba njia ni yake na mimi ananipitisha kwa hisani. Mrudishie. Mwambie Mama Povu hahitaji ufunguo wa kupita njiani."

Wifi akaenda upande wake wa pazia. Usiku ule hawakutakiana heri.

Mahakamani Mama Povu alivaa gauni alilolipiga pasi mwenyewe mara tatu. Wanafunzi walikaa viti vya nyuma, mikono mapajani. Wakili wa Tajiri alianza kwa upole.

"Mama, pale unamiliki nini? Una hati ya kiwanja?"

"Sina."

"Basi una nini?"

"Miguu. Miaka ishirini na mbili inapita pale, na ramani ya serikali inasema ipite."

Wakili akageuka kuwatazama wa nyuma. "Maneno haya umefundishwa na wale wanafunzi, siyo?"

"Ndiyo, wamenifundisha," akajibu. "Na wewe hukuzaliwa nayo. Kuna mtu alikufundisha."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza, lakini naye aliinama kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea. Mama Povu alitaka kuongeza neno, akakumbuka Jumamosi zake nne, akanyamaza.

Uamuzi ulitoka baada ya mwezi. Tajiri alipewa siku kumi na nne kuondoa mbao, mabati na geti. Madai ya teke hakimu aliyatupa, kwani geti lenyewe halikupaswa kuwa pale. Siku kumi na nne zikapita, kufuli bado linaning'inia. Ya kumi na tano akaja dalali wa mahakama na vijana wake wenye mitaimbo. Mama Povu alishika upande mmoja wa bati la kwanza, na mama mwenye mguu mbovu akaegemea ukuta akihesabu misumari inavyong'oka, kwa sauti kubwa, ili isikike hadi dukani.

Haikwisha vizuri kwa kila mtu. Tajiri alimwachisha wifi kazi wiki hiyohiyo, na kwa miezi miwili pazia lile lilikuwa kama ukuta. Mama Povu hakujitetea. Siku moja alipokuwa amezidiwa na mashuka, wifi alitoka, akashika ncha ya pili ya shuka na kuanza kukamua. "Usidhani nimekusamehe," alisema. "Kamua vizuri tu," akajibiwa. Jumamosi iliyofuata Mama Povu alimpeleka darasani na barua yake ya kuachishwa kazi.

Tajiri amekata rufaa. Barua ya wito ilipofika, Mama Povu aliisoma mwenyewe, silabi kwa silabi, kidole chini ya mstari, mpaka kwenye tarehe. Akamwita wifi aiandike ukutani kwa chaki, kisha akamwambia:

"Siku hiyo hatufui."