Meza ya Bi Raya

Nakumbuka asubuhi moja, katikati ya miaka ya tisini, nilipotoka Kilburn, mtaa wa London, na begi moja begani bila kujua nakwenda wapi. Chumba tulichokuwa tukilala watu wanne kilikuwa kimenichosha, na kazi ya kuosha vyombo nilikuwa nimeiacha juzi yake kwa sababu ambayo leo hata siikumbuki. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali pamoja mwaka mzima. Nilikuwa na udadisi mwingi. Nikiona kitu, nataka kujua kinatengenezwaje, nikishajua, naondoka.

Nilipanda basi lililotangulia kusimama. Nikashuka Wembley kwa sababu kina mama wawili walikuwa wanashuka huku wakibishana kwa Kiswahili cha Unguja. Nikawafuata mpaka duka la nyama, na hapo nikaulizia chumba. Mwenye duka akanielekeza kwa Bi Raya, mjane wa Kizanzibari aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee.

Alinifungulia mlango na brashi ya rangi mkononi.

"Mtoto wa nani wewe?" aliuliza kabla salamu hazijaisha. Nikamtajia baba, mtaa, mpaka bibi yangu mzaa mama.

"Unajua kupaka rangi?"

"Najua." Hilo lilikuwa kweli, nilijifunza kwa fundi mmoja na nikamkimbia.

"Basi nipambie sebule hii wiki hii. Nikiridhika, chumba cha juu chako. Nisiporidhika, kituo cha basi unakijua."

Wiki hiyo nililala kwenye kochi.

Sebule aliitaka iwe kama za nyumba kubwa za Waingereza wa shamba. Zamani, alipofika nchi hii, alifanya usafi miaka mingi katika nyumba ya namna hiyo, na aliipenda. Alinieleza akiwa amekaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Ukuta uwe kijani kilichofifia. Mapazia yawe ya kitambaa cha maua makubwa, yafike mpaka chini. Viti visifanane hata viwili. Sahani za zamani zitundikwe ukutani, na taa ziwe za mezani, si ya juu peke yake.

"Kisionekane kitu kilichonunuliwa jana," alisema. "Matajiri wale zulia lao lilikuwa na tundu, na hakuna aliyeona haya."

"Na picha za mbwa na farasi?"

"Farasi sawa. Mbwa nimewaachia wenyewe."

Nilimuuliza maswali siku nne mfululizo. Kwa nini maua mengi hivi? Kwa nini kiti kilichochanika hakishonwi upya? Alinijibu yote, mara nyingine akicheka, mara nyingine akiniambia nifunge mdomo nipake. Kazi ilikwenda vizuri. Kufikia siku ya tano kuta zilikuwa tayari, mapazia yamening'inia, na moyoni nilikuwa nimeshahamia chumba cha juu.

Asubuhi hiyo Bi Raya alikwenda kazini mapema. Nilibaki nikiitazama sebule, na jicho langu likaangukia meza iliyokuwa katikati. Ilikuwa ya mbao nzito, na uso wake ulijaa alama: duara za vikombe, doa la wino, sehemu iliyoungua kwa pasi. Sasa fahamu, mwanangu, mimi nimelelewa katika nyumba ambayo Idi ikikaribia kila kitu husuguliwa. Ukuta hupakwa chokaa, shaba hung'arishwa, na mgeni akikuta doa, aibu ni ya nyumba nzima. Nikasema, huyu mama nimfanyie jambo ambalo hakuliomba. Nikachukua msasa, nikaisugua meza mpaka ikawa nyeupe, kisha nikaipaka vanishi. Iling'aa kama ya dukani.

Muna, binti yake, aliteremka ngazi akielekea chuoni. Huyu alizaliwa hapa hapa. Kiswahili alikisikia chote lakini alijibu kwa Kiingereza. Siku ile akasema Kiswahili.

"Hiyo meza ya baba," akasema, akatoka.

Bi Raya alirudi alasiri. Alisimama na koti lake mwilini, akapeleka kiganja juu ya meza bila kuigusa.

"Kikombe cha Seif kilikaa hapa," alisema. "Kila asubuhi, hapa. Na hapa aliumwaga wino akimwandikia ndugu yake kwamba harudi tena Unguja." Akanigeukia. "Nani alikwambia uisugue?"

"Hakuna. Nilitaka kukufurahisha."

"Kunifurahisha, au usifiwe?"

Akavua koti, akalitupa kitini.

"Umeniuliza rangi, umeniuliza maua, umeniuliza mpaka mbwa wa watu. Meza, mdomo ukakauka?"

Nikaenda kukusanya vitu vyangu. Niliporudi na begi, nilimkuta ameweka chai.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui."

"Hilo ndilo jibu lako la siku zote. Kaa."

Akakitua kikombe changu, cha moto, juu ya meza tupu. Nikanyoosha mkono kukiinua nitie kitambaa chini yake.

"Kiache!"

Nikanywa. Nilipokiinua, vanishi iliyokuwa bado mbichi ilikuwa imebaki na duara nyeupe. Bi Raya aliitazama, akapangusa macho kwa ncha ya mtandio.

"Hii yako," alisema. "Ya Seif hairudi, hata nikikufukuza. Lakini ukitoka humu leo utakwenda kuisugua meza ya mtu mwingine. Dirisha la chumba cha juu linakwama, lisukume kutoka chini."

Nilikaa kwenye chumba kile miaka sita. Sikuwahi kukaa mahali kiasi hicho.

Mwanangu, na wewe utatoka asubuhi moja na begi lako, najua, sitakuzuia. Utafika kwa watu na watakufungulia mlango. Kabla hujarekebisha chochote nyumbani mwao, uliza kilifikaje kuwa hivyo. Kitu unachokiona kibovu huenda ndicho kinachowafanya waamke. Na ukikosea, usikimbilie begi. Kaa, unywe chai uliyopewa, ukubali kutazamwa.

Mungu akufikishe salama, akupe mwenyeji mwenye ukali kama wa Bi Raya na huruma kama yake, na alama utakayoiacha mezani kwake awe radhi nayo. Amin.