Kichwa cha Samaki Katika Fundo la Kitenge
Mwezi wa sita mwaka 2000, bomu lilimuua mume wangu mlangoni petu, hapa Kisangani.

Kwa miaka mingi alirudi usiku kutoka mtoni, nami nilimngoja tule pamoja. Alipokufa, tumbo langu halikupata habari. Kila usiku wa matanga, watu wakishalala, niliiba kipande cha samaki wa moshi katika beseni la waombolezaji. Kila asubuhi niliapa kuacha.

Wifi yangu, Mama Béa, aliona beseni linapungua. Akamlaumu Tonton Albert, mjomba wa marehemu, aliyelala karibu na jiko.

“Tonton, uko muzee lakini tumbo iko ya kijana! Kesho unatoka hapa.”

“Nitaenda wapi na mabombe hii?”

“Uliza samaki yenye ulikula!”

Niliinama nikachochea moto. Usiku ule niliung'ang'ania mkeka kwa mikono miwili nisiinuke. Niliinuka. Samaki alikuwa amebaki kichwa tu mtu alipokohoa, nikakificha katika fundo la kitenge changu cha matanga, ambacho mjane hakibadilishi mpaka kilio kiishe.

Asubuhi, milio ya risasi ikisikika, Tonton alibeba kifurushi chake. Nilisimama kumuaga. Si kukiri, kumuaga tu. Fundo likafunguka, kichwa cha samaki kikaanguka miguuni pa Mama Béa.

Tonton aliweka kifurushi chini, akaketi tena mahali pake.