Jirani wa Rafu ya Pili

Bi Kijani hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na wenzake wa ufinyanzi, pale kitivo cha sanaa na ubunifu, kwa sababu tangu mwaka wa kwanza hakuwahi kupaka chungu chake rangi nyingine. Bluu aliiona ya watu wa kujipendekeza, nyekundu ya wapiga kelele. Ukimuuliza mbona kijani tu, alikujibu, "Kwani unakioa?" na maongezi yakafa hapo hapo. Ndivyo ulimi wake ulivyokuwa, na mimi sioni sababu ya kumpamba.

Alilelewa na shangazi yake, mshonaji wa sare za shule, mwanamke ambaye hakusemeshana na wifi yake tangu Bi Kijani anaota meno. Ugomvi wenyewe ulianza na pazia lililokatwa fupi. Wifi akacheka, shangazi akasikia, na basi. Pazia lilishachakaa likawa matambara ya kufutia mafuta ya cherehani, lakini ugomvi ulibaki mpya, umepigwa pasi. "Mtu akikucheka mbele za watu, mwanangu, usimwachie," shangazi alikuwa akisema huku anakanyaga cherehani. Bi Kijani aliyashika hayo kuliko masomo, na masomo aliyashika barabara.

Aliyemcheka yeye alikuwa kijana mmoja wa darasa lake, waliyemwita Bwana Harusi, maana alikuja karakana ya udongo na shati lililonyooshwa na viatu vya kung'aa, na sijui alifanyaje, alitoka hivyo hivyo. Karakana ile ilikuwa na kanuni yake. Siku ya kuhakiki, unaweka kazi yako mezani, wenzako wanaizunguka na kusema wanavyoiona, na wewe mwenye kazi hufungui mdomo mpaka wamalize. Wiki ya kwanza Bi Kijani aliweka bakuli lake la kwanza kabisa. Bwana Harusi aliliinua, akaligeuza, akasema, "Hili ni la kutemea mate wagonjwa." Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akajificha nyuma ya kikombe cha chai. Bi Kijani akasimama kimya, kama kanuni inavyotaka. Neno alilotaka kumjibu lilimkwama kooni, akatembea nalo miaka mitatu.

Watu wawili hao hawakuiva chungu kimoja, lakini vyungu vyao viliiva pamoja kila mara. Tanuri kubwa hupangwa kwa kimo, vifupi na vifupi, virefu na virefu, ili rafu zisipoteze nafasi. Kazi zao zilikuwa na kimo kimoja. Basi rafu ya pili ikawa yao: vya kijani kushoto, vya Bwana Harusi kulia, vinatazamana kama majirani wasiosalimiana.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti wake. Nafasi ya mhadhiri msaidizi ilikuwa moja, naye angeipata mwenye utafiti bora, na kila mtu alijua wanaoigombea ni hao wawili, wengine ni watazamaji. Bi Kijani akachunguza udongo wa matofali. Bwana Harusi akatengeneza rangi nyeupe ya unga wa bati, akaichanganya na majivu ya kuni, akapaka mitungi yake na kuiingiza tanurini. Ilipotoka ilikuwa na rangi ya waridi. Waridi laini, la kuchanua upande mmoja na kufifia taratibu, kama kucha za mtoto mchanga. Kitivo kizima kikapagawa. Mkuu wa kitivo akawa anawaleta wageni kuuona mtungi, picha yake ikatundikwa ukumbini. Bwana Harusi akaandika kurasa na kurasa kwamba ni kazi ya majivu.

Bi Kijani alikuwa anafuta vumbi kwenye kabati la maonyesho siku ilipofika zamu yake, roho inamuuma, akaugeuza ule mtungi. Mgongoni ulikuwa mweupe pe. Akageuza wa pili, na wa tatu. Yote ilikuwa na shavu moja tu lenye waridi, na shavu lenyewe, alipokumbuka mpangilio wa rafu, lilikuwa lile lililotazama vyungu vyake.

Akakaa chini pale pale. Mwalimu aliwahi kuwaambia kitu hicho darasani, kwa kupitia tu, siku ambayo Bwana Harusi alikuwa nje anapigwa picha, na yaelekea hata mwalimu mwenyewe alishasahau. Kijani cha Bi Kijani kilitokana na unga wa kromu, na kromu kwenye moto mkali hufuka. Mvuke wake ukimwangukia jirani mweupe mwenye bati, huyo jirani hugeuka waridi. Majivu hayakuhusika na lolote. Akachukua kigae kidogo, akakipaka rangi nyeupe ya bati isiyo na chembe ya majivu, akakisimamisha karibu na kikombe chake kwenye tanuri dogo la majaribio. Kikatoka na shavu la waridi. Alikitazama na kwa mara ya kwanza mwaka ule akacheka.

Nyumbani alimsimulia shangazi kila kitu.

"Nimwambie mwalimu?"

"Umwambie ili iweje?" shangazi alisema, pini midomoni. "Nyamaza. Mwache apande juu kabisa. Akianguka, asikike."

Na akanyamaza. Ninavyomfahamu, hakupata shida yoyote kunyamaza. Watahini walitaka kuuona utafiti ukirudiwa mbele yao: mitungi mipya, tanuri lile lile, lifunguliwe wao wakiwa wamesimama pale. Wiki hiyo Bi Kijani alichomea vyungu vyake vyote kwenye tanuri dogo, kidogo kidogo, akasema anamwachia mwenzake nafasi. Mwalimu alimsifu kwa uungwana. Bwana Harusi hata asante hakusema, alijaza rafu yote kwa mitungi yake.

Siku ya kufungua walisimama nusu duara: mwalimu, mkuu wa kitivo, mtahini mgeni, ambaye ni mama mmoja mwenye miwani minene, na darasa zima nyuma yao. Mlango ukafunguliwa. Mitungi ilikuwa myeupe kama sahani za hotelini, yote, kila upande. Bwana Harusi akatoa mmoja, akaugeuza. Akatoa mwingine. Jasho likamlowesha kola.

"Waridi liko wapi?" mtahini aliuliza.

"Sijui," alisema Bwana Harusi. Sauti yake ilikuwa ndogo mno.

Nani angekataa kwamba ilikuwa tamu? Bi Kijani alijihisi mwepesi, kama aliyevua kiatu kinachobana. Hakungoja aitwe. Akapita mbele na kigae chake, akaeleza yote, kromu, bati, mvuke, mashavu yaliyotazamana, na akaeleza vizuri, kwa mpangilio, hata mkuu wa kitivo akaelewa.

Mtahini akavua miwani, akakishika kigae kwa mikono miwili. "Huu ndio utafiti," alisema. Kisha akamtazama. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu muhula uliopita."

"Na leo vyungu vyako ukavitoa kwa nini?"

Angeweza kudanganya. Kusema kweli ilikuwa ndiyo tabia yake moja nzuri, na aliitumia vibaya kama nyingine zote. "Ili aumbuke," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alitazama viatu vyake. Mtahini na mkuu wa kitivo wakasogea pembeni, wakanong'ona kitambo, wakarudi.

"Nafasi ni moja," mkuu wa kitivo alisema, "lakini hapa kuna kazi ya watu wawili. Yeye kapata weupe unaopokea waridi, wewe umejua kinachoupaka. Mkikubali kuuandika upya pamoja, kwa majina yenu yote mawili, tutawachukua wote. Mtagawana vipindi na meza."

Bwana Harusi alifuta uso kwa mkono wa shati, shati lililonyooshwa. Macho yalikuwa mekundu. "Mimi simpendi huyu," alisema, "na leo ndiyo kabisa. Lakini nakubali."

Wote wakamgeukia Bi Kijani. Miaka mitatu ya kinyongo, na sasa meza moja, pumzi ya yule karibu, majina yao yamebanana kwenye kila karatasi. Akaliona lile bakuli mikononi mwa Bwana Harusi, linageuzwa. Kooni mle lile neno lilikuwa bado lipo.

"Mimi naye? Afadhali nikose."

"Fikiri, binti," mwalimu alisema.

"Nimeshafikiri."

Mkuu wa kitivo akashusha pumzi. Mtahini akavaa miwani yake, akamrudishia Bwana Harusi mtungi. "Basi utaendelea peke yako," alimwambia. "Mambo ya majivu futa. Sasa unajua kinachofanya waridi, na ndoo ya kromu ipo stoo." Bwana Harusi akaitikia kwa kichwa, akatoa kalamu, akaanza kuandika pale pale, juu ya kifuniko cha pipa la udongo.

Ni hapo tu ndipo Bi Kijani alipoelewa kwamba alichokuwa nacho peke yake alishakitoa, mbele ya mashahidi, kwa mpangilio. Akafungasha vyungu vyake akaenda nyumbani.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha cherehani. Kisha akasimamisha.

"Kwa hiyo nafasi umemwachia, na siri umempa."

"Ndiyo."

"Mimi wifi yangu angenipa nusu ya duka lake la vitambaa, ningehamia kesho, ninune huko huko."

"Lakini shangazi, si wewe uliyesema—"

"Na bado unamchukia?"

"Zaidi ya jana."

Shangazi akaingiza uzi kwenye sindano, akaukata kwa meno. "Basi shukuru," alisema. "Kinyongo hicho angalau hajakuchukulia."