Fonti ya Maua

Kaka yangu Chrispinus hakosani na watu kwa sababu ya shamba wala siasa. Hukosana nao kwa sababu ya herufi. Tuna kiduka nyuma ya stendi ya Kakamega, yeye kwenye kompyuta, mimi Cindy nikikunja karatasi na kupiga stepla. Kazi inayotulisha ni programu za mazishi, vile vijitabu vya picha ya marehemu na ratiba ya maziko. Kadi za harusi zipo, mabango ya wanasiasa yapo, lakini harusi huvunjika na wanasiasa huhama chama. Maiti si kigeugeu.

Sasa msikilize mtaalamu. Kuna herufi zenye miguu, husema, na kuna herufi peku. Zenye miguu zina vikanyagio vidogo chini, ndizo za Biblia na magazeti. Peku hazina urembo wowote, zimesimama tu, hata mzee aliyesahau miwani anazisoma. Halafu kuna fonti ya maua. Akifika hapo uso humkunjamana kama mtu aliyelambishwa muarobaini. Hiyo ndiyo ile yenye mikia na vikonyo, ya kwenye kadi za harusi, ambayo P ikianza hujui itaishia wapi. Na Kakamega nzima inaitaka. Mteja ataingia macho mekundu, kafiwa na mama yake jana, na neno lake la kwanza baada ya salamu ni, "Utuwekee ile ya kujikunja."

"Pole sana, mzee," Chris atamwambia. "Lakini hiyo ni ya harusi."

"Wewe weka tu. Na yote iwe herufi kubwa."

Hapo kaka hupandwa na mori. Fonti ya maua kwa herufi kubwa tupu haisomeki hata na malaika. Tuliwahi kulazimishwa, kwa bikizee mmoja aliyeitwa Kageha. K ikajikunja ikawa R, H ikajisokota ikawa sijui nini, na katekista pale kaburini akatangaza kwa huzuni kubwa kwamba tumekusanyika kumzika mama yetu Ragena. Watu wakaitikia amina. Mnadhani familia ilikuja kulalamika? Thubutu! Walipofiwa tena walirudi wakataka ileile.

Basi Chris akatunga sheria yake: mazishi ni herufi peku, na asiyetaka aende kwa Titus. Titus ndiye mshindani wetu ng'ambo ya barabara, mtu wa kuweka fonti saba kwenye ukurasa mmoja na njiwa wawili juu yake. Wateja wakavuka barabara kweli. Nikamwambia kaka, wewe ni maskini jeuri. Akanijibu kwamba mtu akishakufa, heshima iliyobaki ni kusomeka.

Hata baba yetu, Mzee Cornelius, tulimzika hivyo. Herufi peku, nyeusi, na nafasi nyeupe tele pembeni. Chris alijivunia ile programu mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Mama hakusema kitu, tukadhani ni majonzi.

Mwaka huu Mama akaugua tumbo. Madaktari wa hospitali ya Mukumu wakaona uvimbe, wakasema lazima apasuliwe, wakampa siku ya kuja kulazwa. Siku moja kabla ya kulazwa, Mama akashuka kutoka nyumbani Malava na mfuko wake, akaingia dukani. Hakukaa kwenye benchi la ndani anapokaa siku zote. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Nimekuja kuagiza," akasema.

"Kuagiza nini, Mama?" Chris akauliza.

"Programu yangu."

Stepla iliniangukia mguuni. Chris akacheka kicheko kikavu. "Mama, kupasuliwa si kufa."

"Nani amesema nakufa? Nimesema naagiza. Siku yenyewe ikifika sitakuwa na macho ya kukagua, na nyinyi nawajua." Akatoa picha yake amevaa gauni jeupe na kitambaa cheupe kichwani. "Hii ikae mbele. Jina uandike kwa fonti ya maua."

Lo! Ningelipa nauli kuuona uso wa kaka yangu tena. Hakubisha, aliigeukia kompyuta, akaandika *Phoebe Ayuma* kwa herufi peku, akachapisha, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mama akaishika mbali, akaishika karibu.

"Hii ndiyo ile hubandikwanga kwa chifu, mtu akipoteza ng'ombe."

"Lakini inasomeka, Mama."

"Nani alikwambia nataka kusomeka?" Sauti ikampanda. "Baba yako ulimzika kwa maandishi ya bili ya stima, nikanyamaza. Mimi hamtanizika hivyo. Usiponiandikia, Titus yuko pale."

Titus! Chris akasimama, akasema haandiki, si kwa fonti hiyo wala kwa nyingine yoyote, akatoka nje. Nikamfuata nikiwa nimekasirika, maneno yote nimeyapanga mdomoni. Nikamkuta ameegemea ukuta analia, jitu zima lenye ndevu.

"Cindy," akasema, "wote niliowaandika wamezikwa. Nikiliweka jina lake pale, nitakuwa nimemzika kwa mkono wangu."

Kumbe mwenzangu miaka yote hii anagombana na wafiwa kuhusu mikia ya herufi ili asiwatazame usoni. Nilimwacha ajifute machozi, nikarudi ndani kwa Mama.

"Mama, kwani hiyo fonti ina nini?"

Alikunja ncha ya leso yake. "Baba yenu alinichukua tu, tukaanza maisha," akasema. "Akaniambia, miwa ikivunwa tutaenda kwa padri tufunge harusi. Miwa ikavunwa. Ukaja wewe, akaja Chris. Ikavunwa tena. Mimi nimepeleka sufuria kwenye harusi za watu, nikarudi na kadi zao, nikaziweka kabatini. Huzitoa nikiwa peke yangu, nikapitisha kidole kwenye yale maua. Yao, si yangu. Jina langu mimi liko kwenye kitambulisho na kwenye kadi ya kliniki, basi." Akainua ile karatasi ya Chris. "Imebaki kadi moja tu ya kuandikwa jina langu, Cindy. Na nyinyi mnaniandikia ng'ombe aliyepotea."

Niliona uchungu kwa ajili yake, na nikamkasirikia Baba kidogo, Mungu anisamehe. Nilipogeuka, Chris alikuwa mlangoni, na kwa macho yake nilijua amesikia yote. Akapita, akaketi kwenye kompyuta, akafungua zile fonti anazoziita takataka.

"P iwe na mkia mrefu au mfupi?" akauliza bila kugeuka.

"Mrefu," Mama akasema. "Uzunguke."

Mchana kutwa hatukuhudumia mtu. Yule adui wa maua aliupitisha mkia wa P chini ya jina zima, ukaburuzika kama shela, akatia rangi ya dhahabu, akazisogeza herufi moja moja mpaka maua yote yakasomeka. Juu akaandika, *Karibu tusherehekee maisha ya*, katikati jina, chini picha ya gauni jeupe. Mwishoni akaandika *Tarehe*, akaweka nukta nukta tu za kujazwa. Mama akaipokea, akapitisha kidole kwenye ule mkia tangu mwanzo hadi mwisho. Hakusema asante. Alisema tuivishe plastiki isije ikalowa.

Alilazwa nayo chini ya mto. Akapasuliwa, na alipozinduka, jambo la kwanza lilikuwa kulalamika kwamba uji hauna sukari. Chris alicheka mpaka nesi akamtoa nje. Siku hizi mteja akitaka ya kujikunja, kaka anashusha pumzi, halafu anauliza, mkia mrefu au mfupi. Titus anashangaa wateja wake wamepatwa na nini hata wakarudi kwetu.

Mama amerudi Malava, na ile kadi ameitundika sebuleni, kando ya picha ya Baba. Jumapili iliyopita tulikuwa kwake wakati Dinah, jirani aliyehamia juzijuzi, alipokuja kumpa pole na ndizi mbivu. Kabla hajakaa, macho yake yakafika ukutani.

"Ala, Mama Chris! Kumbe kuna mambo na mmenyamaza!" akapiga vigelegele. "Hongera! Sasa harusi ni lini?"

Chai ikampalia Chris. Mimi nikatazama miguu yangu. Mama akaitazama kadi yake taratibu, halafu akaitazama picha iliyo kando yake.

"Tarehe bado," akasema. "Lakini bwana harusi ametangulia."