Kitanda Chenye Jina

Niliondoka Lodwar na kandambili, nikarudi na stashahada ya umeme. Hakuna aliyenilipia karo. Leo nyumba yangu ya Nawoitorong ina taa kila chumba, na nyaya nimezivuta mwenyewe. Kwa hiyo mke wangu aliposhika mimba, baada ya miaka ya kungoja, sikuona sababu ya kunong'ona.

Nilikwenda kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwa seremala bora wa huko, Mkristo wa Sudan Kusini, kuchukua kitanda cha mtoto. Nikamwambia achonge jina kwenye ubao wa kichwani. Akaweka patasi chini.

"Amezaliwa?"

"Bado miezi miwili."

"Basi rudi na jina siku hiyo, injinia. Hata Mungu aliumba kwanza, ndipo akaita."

Nilicheka. Dukani kwa mama mmoja Msomali nikanunua godoro na kumtajia jina la mtoto. Akalifunika godoro kwa gunia upesi, kana kwamba kuna anayechungulia.

"Sema inshallah, ndugu yangu."

"Daktari ameshaona kwenye picha, mama. Ni msichana."

"Sema tu. Ulimi utakukatika?"

Sikusema. Nilinunua rangi nyekundu nikaliandika jina mwenyewe, kisha nikafunga kitanda juu ya pikapu, maandishi yakitazama barabara, watu wasome mpaka Lodwar.

Mama yangu, ambaye hajawahi kukanyaga kanisani wala msikitini, alisimama mlangoni kwangu.

"Hicho hakiingii. Mtoto hujichagulia jina akiwa titini. Tunayataja majina, likifika lake ananyonya. Wewe umemwita angali tumboni. Unajua ni nani mwingine amesikia?"

"Mama, hayo ni mambo ya malishoni."

"Ejok," akasema, yaani sawa, lakini hakutoka mlangoni.

Nilidhani wamepigiana simu. Watu watatu ambao wasingekubaliana hata namna ya kusali, na wote wananifunga mdomo kwa neno moja!

Kitanda kililala nje. Kesho yake upepo ulikuwa umekiangusha kifudifudi, na mbuzi walikizunguka kwa mbali. Adhuhuri mke wangu akaniita kwa sauti nisiyoijua.

Hospitalini walimweka binti yetu, aliyezaliwa kabla ya wakati, ndani ya kioo chenye joto, mdogo kama kiatu changu. Taa ya mashine ikapepesa, ikatulia, ikapepesa tena. Mimi, fundi wa umeme, nilisimama mikono mfukoni. Mama yangu alikuwa ameketi sakafuni.

Muuguzi akaja na kalamu. "Baba, jina la mtoto?"

Jina lilikuwa limenijaa mdomoni. Taa ikapepesa.

"Bado," nikasema. "Hajanyonya."