Beseni la Maji Vuguvugu na Jogoo wa Nyanya

Jana kuku wangu hapa mtaani Amalemba alivimba tumbo. Alitembea ametanua miguu, akajaribu kuketi, akashindwa. Jirani aliyechungulia juu ya ua akanishauri nimchinje kabla hajajifia. Mimi nikaenda kubandika maji. Kazi hiyo, ndugu yangu, nilifunzwa kijijini Malinya, tena kwa aibu kubwa.

Nilikuwa na miaka minane hivi, nikilelewa na nyanya. Wakati huo alikuwa na kuku wawili tu: mtetea mwekundu aliyezoea kula mahindi mkononi mwangu, na jogoo mzee ambaye ndiye aliyekuwa saa ya nyanya. Akiwika, nyanya yuko macho, moto unawaka, chai inanukia moshi. Basi habari ikaja kwamba wakwe wa shangazi wangetutembelea Jumapili, mara yao ya kwanza. Kwetu mgeni asiyekula ingokho, yaani kuku, hajala, hata umshindilie obusuma, ugali wetu, mpaka apumue kwa shida. Na nilijua ni kuku yupi angeingia chunguni, maana jogoo alikuwa hagusiki.

Nikamficha mtetea. Nilimfunga mguu katika kibanda cha jiko la zamani, nyuma ya kuni, nikawa nampelekea mahindi na maji kwa siri. Nyanya alimtafuta hadi kwenye miwa ya jirani, akiwalaani vicheche wote wa Malinya. Nilitafuta naye, nikimwita kuku kwa sauti kubwa kuliko yake. Mnafiki mdogo mimi!

Jumamosi asubuhi nikamkuta tumbo limevimba, macho ameyafumba. Ujanja wote ukaniisha. Nikambeba hadi kwa nyanya huku nikilia, nikasema yote.

Hakunichapa. Alimpapasa chini ya mkia, akasema, "Yai limekwama. Kuku anatakanga kiota chake. Ukimfunga mahali hajui, anazuia yai." Akaniagiza beseni, maji vuguvugu na chumvi kidogo. Tukamkalisha humo, mimi nikimshika mabawa, yeye akimpaka mafuta ya kupikia na kumsugua taratibu, yai lisije likavunjikia ndani. Maji yakapoa, tukaongeza mengine. Hatimaye yai likatoka, kubwa, lina mstari wa damu. Nyanya alicheka hadi kitambaa cha kichwani kikamdondoka.

"Sasa wageni watakula nini, Kukhu?" nikamuuliza nyanya kwa jina tulilozoea kumwita.

"Mgonjwa hatupeanangi kwa mgeni," akanijibu. "Jogoo si yuko?"

Wakwe walikula wakasifu, na mkubwa wao akapewa firigisi kama ilivyo desturi. Shangazi alitembea kifua mbele. Jumatatu nilichelewa shule, kwa sababu nyanya alilala mpaka jua likaingia mlangoni. Aliamka akijicheka, na kosa langu hakulitaja siku hiyo wala miaka yote iliyofuata.

Nyanya hayupo tena, jiko lile lilibomoka, na hapa mjini tunaamshwa na simu. Jana kuku wangu alitaga ndani ya beseni. Nikalishika yai likiwa bado na joto, nikasema asante kwa sauti. Jirani alidhani naongea na kuku. Nilikuwa naongea na mtu aliyechinja saa yake ili mimi nisilie.